Ruzuku Hujenga, Nani Hutunza? Maelezo Juu ya Fedha za Urithi na Mabadilishano ya Utamaduni

Mtu atokaye Ubungo kwa barabara ya Shekilango huikata Sinza katikati, hupita Afrika Sana, kisha hufika Bamaga, mahali barabara hiyo ikutanapo na barabara ya Bagamoyo. Akigeuka kulia kuelekea mjini, baada ya mwendo mfupi atakuta kiwanja chenye nyumba zisizofanana na nyingine yoyote katika mitaa ile: msonge wa Wahaya, tembe la Wagogo, nyumba ya Wazaramo, nyumba ya Wanyakyusa, na nyingine kadha wa kadha. Hapo ndipo Kijiji cha Makumbusho, sehemu ya Makumbusho ya Taifa, kilichofunguliwa mwaka 1967 ili watu wa mjini wapate kuona kwa macho namna wazee wao walivyojenga, walivyolala, walivyopika na walivyohifadhi nafaka.

Wakazi wengi wa Sinza hupita mbele ya Kijiji hicho kila siku waendapo kazini, nao hulijua zaidi jina lake kuwa ni jina la kituo cha basi. Wachache hujiuliza swali ambalo ndilo asili ya makala haya, yaani nani hulipa? Nyumba ya udongo na nyasi si kitu cha kujengwa mara moja kikaachwa. Mvua huila, mchwa huila, na jua huila. Kila mwaka hudai mikono ya watu, na mikono ya watu hudai ujira.

Makusudi yangu ni kueleza njia ambazo kwazo kazi za urithi na mabadilishano ya utamaduni baina ya mataifa hupata fedha, masharti yafuatanayo na fedha hizo, na upungufu mmoja mkubwa ulio ndani ya mpango mzima. Upungufu huo nautaja tangu sasa ili msomaji ajue niendako. Ruzuku ya mgeni aghalabu hujenga, wala haitunzi. Asiyelifahamu jambo hili kabla ya kutia sahihi hujikuta na jengo zuri ambalo hana uwezo wa kulifanya lisimame.

SINZA YENYEWE NI SOMO

Kabla ya kuingia katika Kijiji, yafaa tuutazame mtaa ulio jirani nacho, kwa maana Sinza nayo ilizaliwa na fedha za nje. Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilianza mradi wa kupima viwanja na kuvipelekea huduma. Manzese, iliyokuwa imekwisha kujengwa na wananchi bila ramani, ilitiwa barabara na maji. Na Sinza, Kijitonyama na Mikocheni zilipimwa viwanja vipya. Awamu ya pili ilifuata kuanzia mwaka 1977. Mwananchi alipewa kiwanja, naye akajenga nyumba kwa jasho lake.

Mradi ule ulifanya jambo kubwa, na maelfu ya jamaa waliopata makao hawana budi kuushukuru. Lakini mkopo ulichora barabara na kuchimba mifereji. Haukuacha nyuma yake mfuko wa kuzibua mifereji hiyo miaka 20 baadaye. Kazi hiyo iliachiwa halmashauri na wakazi wenyewe. Anayeishi Sinza na kuyaona maji ya masika yakitafuta njia hahitaji mwalimu wa kumweleza tofauti kati ya gharama za kujenga na gharama za kutunza. Tofauti hiyo hiyo ndiyo inayotawala fedha za utamaduni.

NJIA TANO ZA FEDHA

Fedha za kazi hizi hupita katika njia tano, na kila njia ina tabia yake.

Njia ya kwanza ni Hazina ya Serikali. Hii ni njia ya zamani. Makumbusho ya Dar es Salaam yalifunguliwa mwaka 1940, na tarehe 10 Desemba 1962 Mwalimu Julius Nyerere alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, akaeleza kwamba taifa lisilo na utamaduni wake ni mkusanyiko wa watu wasio na roho ya kuwafanya kuwa taifa. Tabia ya Hazina ni kwamba hulipa mishahara mwaka baada ya mwaka, jambo ambalo wengine hawalifanyi. Ila hospitali, shule na barabara ziko mlangoni mwake zikingoja, na katika foleni hiyo utamaduni haukai mbele.

Njia ya pili ni mifuko ya mikataba ya mataifa. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 1972 juu ya Urithi wa Dunia, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1977, uliunda mfuko unaochangiwa na nchi wanachama. Mchango wa lazima wa nchi hauzidi asilimia 1 ya kile inachotoa kwa bajeti ya kawaida ya UNESCO. Mwaka 2006 ukaanzishwa Mfuko wa Urithi wa Dunia wa Afrika, wenye makao Afrika Kusini. Mkataba mwingine, wa mwaka 2005, ulizaa Mfuko wa Kimataifa wa Uanuwai wa Utamaduni, ambao ulianza kutoa ruzuku kuanzia mwaka 2010. Tabia ya mifuko hii ni usawa wa kanuni: kila nchi yaweza kuomba. Lakini kisima ni kidogo na ndoo ni nyingi.

Njia ya tatu ni serikali moja kuisaidia nyingine, kwa mkono wa ubalozi au wa shirika la misaada. Kwa njia hii Sweden ilisaidia sana Makumbusho ya Taifa na sanaa za Tanzania. Ufaransa na Japani zilisaidia magofu ya Kilwa kwa kupitia UNESCO. Oman iliahidi fedha za kukarabati Beit al-Ajaib ya Unguja. Na Marekani ilikuwa na mfuko wa mabalozi wake wa kuhifadhi utamaduni, ulioanza kutoa fedha mwaka 2001. Katika njia hii pia vimo vituo vya utamaduni vya Wajerumani, Wafaransa na Waingereza vilivyofanya kazi Dar es Salaam kwa miaka mingi, vikilipia safari za wasanii, maonyesho ya filamu na masomo ya lugha. Tabia ya njia hii ni kwamba fedha zaweza kuwa nyingi na kuja upesi. Nazo zaweza kuondoka upesi vilevile.

Njia ya nne ni taasisi za watu binafsi wenye mali. Mfano mmoja ni mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa kumbukumbu zilizo hatarini, ulioanza mwaka 2004 kwa fedha za taasisi iitwayo Arcadia. Mpango huo ulilipia kazi ya kupiga picha miswada ya Msikiti wa Riyadha, Lamu.

Njia ya tano ni wenye urithi wenyewe: viingilio vya mlangoni, michango ya ukoo na mtaa, na kazi ya mikono isiyolipwa. Njia hii nitairudia mwishoni, kwa sababu ndiyo inayosahauliwa mno nayo ndiyo iliyodumu kuliko zote.

MWENENDO WA RUZUKU

Msomaji ambaye hajapata kuomba ruzuku huenda akadhani kwamba ni zawadi. Zawadi hutolewa ikaisha. Ruzuku ni mapatano. Mwenendo wake, kwa kawaida, ni huu.

Kwanza hutoka tangazo. Tangazo hutaja jambo ambalo mtoaji amelichagua kwa wakati ule: labda vijana, labda wanawake, labda mabadiliko ya tabia nchi. Mwenye paa linalovuja hujifunza basi kulieleza paa lake kwa maneno ya tangazo. Husema kwamba paa litawafundisha vijana, au litawapa wanawake kipato. Mara nyingine ni kweli, na mara nyingine ni kweli kwa nusu.

Pili huandikwa andiko la mradi. Hapa kuna jambo linalowahusu sana wapenzi wa Kiswahili. Maombi kwa mfuko ule wa uanuwai wa utamaduni huandikwa kwa Kiingereza au Kifaransa, na maombi kwa balozi nyingi hali kadhalika. Fundi wa kuezeka msonge hajui lugha hizo, wala hakuna sababu ya kumlaumu. Basi kati ya fundi na fedha husimama mtu wa tatu, mjuzi wa kuandika maandiko, na bila ya kukusudia sisi hulipa ufasaha wa karatasi kabla ya kulipa ujuzi wa mkono. Urithi uliokwisha kuelezwa vizuri kwa Kiingereza hupata fedha. Urithi ambao bado umo vinywani mwa wazee, kwa Kihaya au Kizaramo au Kiswahili, hungoja.

Tatu hutungwa makadirio ya matumizi. Watoaji wengi hudai mwombaji aonyeshe mchango wake mwenyewe, japo wa ofisi, ulinzi au muda wa watumishi. Sharti hilo ni la haki, maana mtu hutunza zaidi alichokitolea. Lakini humfungia mlango yule asiye na ofisi wala watumishi, ambaye pengine ndiye mwenye kitu cha thamani.

Nne, fedha hutolewa kwa mafungu. Fungu la kwanza hulipwa baada ya sahihi, la pili baada ya taarifa, na la mwisho baada ya hesabu kukaguliwa. Kuchelewa kwa taarifa moja huchelewesha fungu, na kuchelewa kwa fungu huweza kuipitisha kazi ya kuezeka kutoka kiangazi hadi masika. Tena makadirio huandikwa kwa dola au yuro, na kazi hulipwa kwa shilingi. Bei ya fedha ibadilikapo, mwenyeji ndiye hubeba tofauti.

Tano, hufika tarehe ya mwisho. Siku hiyo hukatwa utepe, hupigwa picha, na taarifa hufungwa. Yale ambayo ruzuku nyingi hukataa kuyalipia huanza kudai haki zake kesho yake asubuhi: mshahara wa mlinzi, ankara ya umeme, dawa ya mchwa, na nyasi mpya.

Haifai kudhani kwamba watoaji hufanya hivyo kwa ubaya. Wao nao wana bunge lao na wakaguzi wao, nao huulizwa kwao: fedha zetu zimefanya nini? Jengo jipya huonekana. Jengo ambalo halikuanguka halionekani. Tena huogopa kwamba wakilipa mishahara leo watalipa milele. Hoja hizo zina nguvu. Lakini nguvu yake haiondoi matokeo yake.

HESABU YA PAA MOJA

Turudi sasa katika Kijiji cha Makumbusho. Tembe la Wagogo lilibuniwa kwa nchi ya Dodoma, ambako mvua ya mwaka mzima kwa kawaida haifiki milimita 600. Paa lake ni la udongo, bapa, na juu yake watu walianika nafaka. Likiletwa Dar es Salaam, ambako mvua ya mwaka huzidi milimita 1,000, paa lile lile hunyeshewa maradufu. Msonge nao watokea Bukoba, nchi ya mvua nyingi, hivyo umbo lake hustahimili mvua. Bali nyasi zake na ujuzi wa kuzifunga hautoki Sinza. Kwa hiyo kuihifadhi nyumba katika Kijiji ni kazi ngumu kuliko kuihifadhi kwao ilikozaliwa: nyenzo ziko mbali, mafundi wako mbali, na hali ya hewa si yake.

Tuchukue mfano wa kubuni ili hesabu ieleweke. Tuseme nyumba moja imejengwa kwa ruzuku ya shilingi milioni 20. Tuseme paa lake hutaka kuezekwa upya kila mwaka wa nne kwa shilingi milioni 4, na kuta zake hukandikwa kila mwaka kwa shilingi 300,000. Katika miaka 20 paa litaezekwa mara 5, nazo ni shilingi milioni 20; kuta zitakandikwa mara 20, nazo ni shilingi milioni 6. Jumla ni milioni 26. Kutunza kumepita kujenga, wala hatujamhesabu mlinzi.

Sasa tuseme mtoaji mwingine ana shilingi milioni 40. Akijenga nyumba 2, atapata picha 2 za kukata utepe, na baada ya miaka kadhaa atakuwa na magofu 2. Akijenga nyumba 1 na kuweka milioni 20 zilizobaki mahali salama zitakapozaa shilingi 6 na nusu kwa kila 100, atapata shilingi 1,300,000 kwa mwaka, nazo ndizo hasa zinazohitajiwa kwa paa na kuta, maana milioni 26 zikigawanywa kwa miaka 20 huwa hizo hizo. Kweli thamani ya shilingi hushuka, na mwenye busara atarudisha sehemu ya faida katika akiba. Hata hivyo kanuni yasimama: nyumba moja yenye akiba ni bora kuliko nyumba mbili zisizo nayo. Na ni nadra mno tangazo la ruzuku kuruhusu fedha ziwekwe akiba. Karibu yote hudai ziwe zimetumika kabla ya tarehe ya mwisho.

YALIYOTOKEA

Haya si mambo ya kubuni tu. Tamasha la Sauti za Busara la Zanzibar, lililoanza mwaka 2004 na kukusanya wanamuziki wa pande zote za Afrika, halikufanyika mwaka 2016. Wasanii hawakukosekana wala watazamaji. Kilichokosekana ni fedha za wafadhili. Lilirudi mwaka 2017. Chuo cha muziki wa nchi za jahazi kilichoko Mji Mkongwe, ambacho kilifundisha taarabu, udi, kanuni na ngoma kwa vijana wengi, kilitangaza mwaka 2019 kwamba kilikuwa hatarini kufungwa baada ya misaada ya nje kupungua. Kwa miaka mingi chuo kile kilikuwa kimefanya kila lililotakiwa na mfadhili, isipokuwa moja lisilowezekana, nalo ni kumfanya mfadhili asiondoke.

Mfuko wa Utamaduni Tanzania wenyewe ulianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa ushirikiano wa serikali za Tanzania na Sweden. Ulitoa ruzuku kwa waandishi, vikundi vya ngoma, mafundi na wahifadhi. Msaada wa Sweden ulipokoma, mfuko ukadhoofika. Katika miaka ya 2020 Serikali iliufufua, nao ukaelekezwa hasa katika kuwakopesha wasanii. Kufufuliwa huko ni jambo jema. Ila yapasa kutofautisha mkopo na ruzuku. Mwanamuziki aweza kuuza wimbo akalipa mkopo. Msonge hauuzi kitu.

Upande wa pili wa mizani hauna budi kutajwa, tusije tukawa wadhalimu. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yaliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, kwa sababu bahari ilikuwa ikiyala na mimea ikizipasua kuta. Mwaka 2014 yaliondolewa katika orodha hiyo. Kazi ya miaka ile 10 isingaliwezekana kwa Hazina peke yake, wala kwa fedha za wageni bila ya watumishi wa Mambo ya Kale na wakazi wa kisiwa waliochoma chokaa, kujenga kuta za kuzuia mawimbi na kung'oa mizizi. Pale mgeni alilipa, na mwenyeji alijifunza kazi na kubaki nayo. Ndiyo maana ilifaa.

Kinyume chake, tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, iliyojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, iliporomoka wakati ukarabati ukiendelea, na watu 2 walipoteza maisha. Jengo lile lilikuwa limekwisha kuonyesha udhaifu kwa miaka mingi. Fedha kubwa ilikuja mwishoni; fedha ndogo ya kila mwaka ndiyo iliyokuwa imehitajiwa tangu mwanzo. Wahenga walikwisha kusema juu ya ufa na ukuta, wala hatuna la kuongeza.

NANI HUCHAGUA

Fedha haibebi mapaa tu. Hubeba na uamuzi. Anayelipa huchagua kipi ni urithi na kipi si urithi. Ngome ya mawe hupata mfadhili kwa wepesi kuliko nyumba ya udongo, na ngoma ya jukwaani kwa wepesi kuliko ngoma ya msibani. Tena siasa za nyumbani kwa mtoaji huingia katika urithi wa mwenyeji. Marekani iliacha kuilipa UNESCO mwaka 2011, ikajitoa mwishoni mwa mwaka 2018, ikarudi mwaka 2023, na Julai 2025 ikatangaza kwamba itajitoa tena. Katika safari hizo zote za kwenda na kurudi, hakuna hata moja iliyosababishwa na ukuta wa Kilwa au ngoma ya Kizaramo.

Na kuna suala la vitu vilivyokwisha kuondoka. Mifupa ya mijusi mikubwa ya Tendaguru, katika mkoa wa Lindi, ilichimbwa na Wajerumani kati ya mwaka 1909 na 1913, nayo imesimamishwa Berlin. Vitu vingi vilivyochukuliwa wakati wa vita vya Maji Maji navyo viko Ujerumani. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier aliomba msamaha Songea. Kumekuwako pia utafiti wa pamoja kati ya makumbusho ya Berlin, Makumbusho ya Taifa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam juu ya vitu hivyo, ulioleta maonyesho huko Berlin mwishoni mwa mwaka 2024. Kazi hiyo ni ya maana. Lakini katika mabadilishano ambayo upande mmoja una vitu na una fedha, na upande mwingine una kumbukumbu peke yake, yafaa kila mara kuuliza ni nani anayeandika ajenda.

Masharti mema hayakosekani. Mpango ule wa miswada niliokwisha kuutaja una kanuni kwamba karatasi za asili haziondoki nchini mwake. Zinazosafiri ni picha, na nakala ya picha hubaki kwa wenyewe. Chuo chetu chaweza kuipima thamani ya kanuni hiyo. Miswada ya Kiswahili iliyokusanywa na J. W. T. Allen katika miaka ya 1960 imehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na orodha yake ilichapishwa Leiden mwaka 1970. Mtafiti wa Uholanzi huisoma orodha. Mtafiti wa Sinza hupanda basi akaisoma miswada yenyewe.

MKONO WA MWENYEJI

Sasa naifikia ile njia ya tano. Tangu miaka ya 1990 Kijiji cha Makumbusho kimekuwa na desturi ya Siku ya Utamaduni wa Mtanzania. Jamii moja hualikwa kuonyesha utamaduni wake. Wenyeji wa jamii hiyo walioko Dar es Salaam huunda kamati, huchangishana, huleta wazee, wapishi na wachezaji kutoka kwao, na kwa siku kadhaa nyumba zile husikika sauti za wenyewe. Hapa urithi haugharimiwi na mtu atakayeondoka, kwa kuwa wanaolipa ndio wanaorithi. Mtoto aliyezaliwa Sinza, asiyejua kijiji cha babu yake ila kwa jina, humwona mama yake akicheza ngoma ambayo hakujua kwamba aijua.

Njia hii nayo ina kasoro, na kasoro hiyo yafaa isemwe. Jamii yenye watu wengi mjini, wafanyabiashara na watumishi wakubwa, huchangishana kwa urahisi. Jamii ndogo ya wawindaji, ambayo wanawe mjini wanahesabika kwa vidole, haiwezi kujilipia siku yake. Tukiuacha urithi wote kwa michango, tutahifadhi utamaduni wa wenye uwezo na kuupoteza wa maskini. Basi michango peke yake haitoshi, kama vile ruzuku peke yake isivyotosha.

Kwa hiyo naona kila njia ipewe kazi inayolingana na tabia yake. Hazina, kwa kuwa hudumu, ilipe watu na matengenezo ya kila mwaka. Ruzuku ya nje, kwa kuwa huja mara moja, itumike kwa kazi ya mara moja: kufundisha mafundi vijana, kupiga picha miswada, kuokoa ukuta unaoanguka, na pale iwezekanapo, kuanzisha akiba. Michango ya jamii, kwa kuwa ina upendo ndani yake, ipewe uamuzi wa nini kionyeshwe na namna gani. Na pale jamii ilipo ndogo au maskini, hapo ndipo mgeni na Hazina wasaidie kwanza.

Na kabla ya kutia sahihi katika mapatano yoyote, mwenyeji aulize maswali matatu kwa sauti, kwa lugha ambayo fundi naye anaisikia. La kwanza: mwaka wa nne nani ataezeka? La pili: kazi ikiisha, ujuzi utabaki kwa nani? La tatu: kitu chenyewe, au nakala yake, kitalala wapi? Mapatano yasiyo na jibu kwa maswali hayo yarudishwe mezani, hata kama fedha ni nyingi. Mtoaji mwema hatachukia. Atafurahi kujua kwamba anashirikiana na mwenye nyumba, si na mpangaji.

Mwaka 1967, Kijiji kile kilipofunguliwa, viwanja vya Sinza vilikuwa bado havijapimwa. Leo mji umekizunguka pande zote, na nyumba za nyasi zimesimama katikati ya zege na bati. Haziwezi kusimama kwa sifa, wala kwa taarifa zilizofungwa vizuri. Zitasimama ikiwa kila mwaka, kabla ya masika, yuko mtu aliyelipwa kupanda juu ya paa akiwa na kamba na nyasi, na kijana chini yake akimtazama ili mwaka ujao apande yeye.